Sura ya Nne: Asiye na Uwezo wa Mbuzi Mmoja

Chepkurui alilala chali chini ya lori, juu ya gazeti la juzi, akasoma nambari za chesisi kwa mwanga wa simu. Zilikuwa zilezile zilizoandikwa kwenye logbook, hati ya umiliki wa lori. Akazisoma tena kutoka mwisho kurudi mwanzo, maana alitamani sana ziwe tofauti, lakini hakuna hata moja iliyobadilika. Akajitoa huko chini akiwa na grisi kwenye kiwiko na hasira tele.

"Umeridhika, madam?" akauliza Kipyegon, mwenye lori, ambaye muda wote huo alikuwa ameegemea mlango akichokonoa meno.

"Bado."

"Basi rudi chini uangalie tena. Mimi siendi mahali."

Ilikuwa saa tatu asubuhi hapo Salgaa, kwenye kituo cha malori. Madereva waliolala garini walikuwa wakinawa nyuso kwa maji ya mitungi, na harufu ya matumbo ya kukaanga kutoka vibandani ilishindana na ya dizeli. Chepkurui alijifuta kiwiko kwa lile gazeti akajaribu kufikiri. Kwa miaka kumi na sita alikuwa koplo wa upelelezi. Alipoacha polisi, wakili mmoja wa Nakuru aitwaye Anyango alimchukua awe anamtafutia watu wasiotaka kupatikana. Wengi wao walikuwa akina baba.

Huyu wa sasa aliitwa Ndegwa. Mahakama ilipovunja ndoa yake na Wangare, ilimwamuru atoe elfu kumi na tano kila mwezi za kumtunza binti yao, Abby, mwenye miaka minane. Bwana mkubwa alitoa miezi miwili, kisha akanyamaza miezi kumi na tisa. Alipoona barua za wakili zimezidi, yeye ndiye aliyekwenda mahakamani kuomba afutiwe deni lote na malipo yenyewe yasimamishwe. Aliambatisha kiapo cha kurasa sita. Lori lake ameliuza, fedha zote zimeishia kwenye madeni, kazi hana, anakula kwa mama yake. Aya ya tisa Chepkurui alikuwa ameikariri bila kutaka: *Sina mke mwingine wala nia ya kuoa, kwa kuwa sina uwezo wa kununua hata mbuzi mmoja.*

Ombi hilo lingesikizwa kesho asubuhi.

Na Abby hakuwa mtoto wa kusubiri. Alizaliwa na masikio mazito, akawa anasikia kwa mashine mbili ndogo zinazokaa nyuma ya masikio. Mashine zote mbili zilikuwa zimekufa mwezi wa Februari, na sasa ilikuwa Juni. Daktari alimwambia mama yake wazi kwamba mtoto akikaa hivyo muda mrefu, hata maneno aliyokwisha kujifunza yatampotea, na tayari alikuwa ameanza kuyameza. Wangare alipomwandikia Ndegwa kumweleza, alijibiwa kwa ujumbe wa mstari mmoja: *Ajifunze kusoma midomo, wengine hufanya hivyo.* Chepkurui alishawahi kukamata wezi wa mifugo na wanyang'anyi wa barabarani, na hakukumbuka hata mmoja wao aliyemtia hasira kama huyu.

Kwa wiki tatu yeye na Anyango walikuwa wakiamini jambo moja: kwamba lori halikuuzwa. Ndegwa amelificha kwa jina la rafiki, anaendelea kula faida yake kimyakimya. Wameona mchezo huo mara nyingi mno.

"Hii lori ulinunua lini?" akamuuliza Kipyegon.

"Machi, tarehe nne."

"Nani walikuwepo?"

"Mimi, yeye, na wakili wake. Agreement si nimekuonyesha?"

"Agreement hata mimi naweza kuandika. Pesa ulitoa aje?"

Kipyegon akavuta pumzi ya mtu aliyechoshwa. Akapanda garini, akarudi na bahasha ya kaki, akaanza kuzipanga karatasi juu ya boneti moja moja. Risiti ya benki ilikuwepo. Bima ilikuwepo, kwa jina lake, na barua ya mkopo wa chama cha akiba na mikopo vilevile.

"Soma yote. Hii gari imeniingiza kwa loan mpaka shingo, alafu unakuja kuniambia si yangu? Nimekosea wapi mimi?"

Hakuwa amekosea popote. Mtu anayeficha mali ya mwenziwe hajitii kwenye mkopo wa miaka mitano kwa ajili yake. Lori lilikuwa limeuzwa kweli, na kwa jambo hilo moja Ndegwa alikuwa amesema ukweli mtupu. Wiki tatu za kazi zilikuwa zimekwenda na maji. Chepkurui alitamani kulipiga teke gurudumu, na akalipiga.

"Pole," akasema Kipyegon, sasa kwa upole kidogo. "Huyo mtu amekukosea nini?"

Macho ya Chepkurui yalikuwa yamerudi kwenye karatasi, kwa mazoea tu, kwa sababu alifundishwa kutoondoka mahali kabla ya kulinganisha kila nambari na mwenzake. Kwenye mkataba bei ilikuwa milioni mbili na laki sita. Kwenye risiti ya benki ilikuwa milioni mbili na laki mbili.

"Kipyegon. Laki nne ziko wapi?"

"Laki nne gani?"

"Uliandika mbili nukta sita, ukaweka benki mbili nukta mbili. Usinizungushe."

Kipyegon akacheka. "Aah, hizo! Hizo alikataa pesa. Aliniambia, wewe uko na ng'ombe ya maziwa huko kwako Rongai, nilipe na ng'ombe. Nikampatia mitamba wawili, wote wako na mimba. Wale wazuri kabisa. Mama watoto alilia."

"Mtu hana shamba. Ng'ombe za nini?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akacheka tu. Na si ng'ombe peke yake. Alitaka kondoo jike ambaye hajawahi kuzaa, na mbuzi jike, naye hajawahi kuzaa. Na akasema wasiwe na kasoro hata kidogo. Sasa wewe unajua sisi, mbuzi zangu zote ziko na alama kwa sikio. Akakataa. Ilibidi niende soko ninunue mwingine mwenye masikio mazima. Nikaona huyu jamaa ana maringo."

Chepkurui alikuwa amekwisha kutoa daftari lake. "Ulimpelekea wapi?"

"Gilgil, na hii lori yenyewe. Safari yangu ya kwanza nayo." Akafungua kidroo cha dashibodi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Permit ya vet hii hapa. Ukibeba ng'ombe kwa barabara bila hii, utalala ndani."

Kilikuwa kibali halali cha kusafirisha mifugo, chenye muhuri. Daktari wa mifugo alikuwa mtu makini: mtamba wa kwanza mweusi mwenye doa la mviringo usoni, wa pili mweusi na mweupe mwenye mguu mmoja wa nyuma mweupe hadi gotini. Mwenye mali: Ndegwa. Mpokeaji: Muturi, wa Gilgil. Chepkurui akakipiga picha mara tatu, kisha akasogea kando akampigia Wangare.

Wangare alikuwa fundi wa kushona sare za shule mjini Nakuru, na mlio wa cherehani ulisikika nyuma ya sauti yake. Chepkurui alimweleza habari ya mitamba, akafika kwenye kondoo na mbuzi wasiowahi kuzaa, na hapo cherehani ikanyamaza.

"Rudia hapo," akasema Wangare.

Akarudia, na safari hii akaongeza habari ya masikio mazima.

"Hiyo ni mwati na harika," Wangare akasema polepole. "Chepkurui, wewe ni Mkipsigis, huwezi kujua. Kwetu Wakikuyu hao ndio wanyama wa kwanza wa ruracio, ya mahari. Bila hao, hata ulete lori imejaa pesa, hujaanza kuoa. Lazima wawe wazima, na lazima wawe hawajazaa. Ndegwa anaoa."

"Kwenu alileta?"

"Kwetu alileta maneno." Sauti ikapanda ghafla. "Alimwambia baba yangu angoje biashara ikae sawa. Baba amekufa akingoja! Na mtoto wangu anakaa darasani kama amefungiwa ndani ya chupa, na huyo mtu anachagua mbuzi wa masikio mazuri? Masikio, Chepkurui! Amesema masikio!"

"Shusha hasira, Wangare. Sikiliza. Kesho nataka uje kortini umetulia."

Akakata simu, akaingia kwenye gari lake la Probox, akaondoka Salgaa bila hata kumuaga Kipyegon vizuri.

*

Boma la Mzee Muturi lilikuwa juu kidogo ya mji wa Gilgil, nyumba ya mawe yenye ua wa michongoma. Kabla ya kubisha hodi, Chepkurui alisimama uani akatazama zizini. Mbao za zizi zilikuwa mpya. Ndani walikuwemo ng'ombe wawili na ndama mmoja. Doa la mviringo usoni, lipo. Mguu mweupe hadi gotini, upo.

Mzee Muturi alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa karani wa stoo kwenye kambi ya jeshi mpaka alipostaafu, mtu wa kalamu mbili mfukoni mwa shati, na alijitambulisha kama baba mkubwa wa Susan, ambaye watu wote humwita Sue. Baba yake Sue alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mambo ya kumwoza yalikuwa mikononi mwake. Mkewe akaleta chai.

"Kunywa, mama," akasema mzee. "Hiyo ni maziwa ya hapa hapa. Yule mweusi amezaa wiki iliyopita. Mkwe wetu ametushibisha."

Chepkurui, aliyekuwa amekwisha kunywa funda moja, akakiweka kikombe mezani taratibu na hakukigusa tena.

"Mkwe ndiye Ndegwa?"

"Huyo huyo. Kwani mnajuana?"

"Ninafanya kazi kwa wakili. Ana kesi Nakuru, na wale ng'ombe wako nje wanahusika." Hakupenda kudanganya wazee, na isitoshe haikuwa na haja. "Mzee, wakati wa ruracio mliandika?"

"Ruracio gani haiandikwi? Nina daftari. Upande wetu tuna moja, upande wao moja."

"Na jina lililoandikwa ni lake mwenyewe?"

Mzee Muturi akacheka kwa kiburi cha mtu aliyewahi kushika funguo za stoo. "Hapo tulivutana. Alitaka tuandike jina la ndugu yake, Kiarie. Eti kitambulisho chake kimepotea. Nikamwambia sawa, tutaandika Kiarie, na hiyo siku ya kuchukua bibi pia aje Kiarie. Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Kwa sababu mbuzi ni ya yule jina lake limeandikwa, na mwenye mbuzi ndiye mwenye bibi. Akafikiria, akatoa kitambulisho kwa mfuko. Nikaandika nambari, akaweka sahihi, tukaendelea kula."

Chepkurui alihisi damu ikimpanda kichwani, safari hii kwa furaha. Ndegwa angeweza kuandikisha lori kwa jina la mama yake, shamba kwa jina la binamu, akaunti ya benki kwa jina la paka. Kitu kimoja tu hakuweza kukiandikisha kwa jina la mtu mwingine, nacho ni mahari yake.

"Naomba kuliona hilo daftari."

"Hapana."

"Mzee..."

"Daftari ya ruracio haionyeshwi mtu wa nje. Haitoki hii nyumba. Ikipotea, kesho mtu anaamka anasema hajaoa. Uliza kingine."

Chepkurui alitoa nakala ya kiapo, akamsomea aya ya tisa. Mzee akasikiliza, paji la uso likajikunja.

"Hajaoa kweli," akasema mwishowe, kwa ukaidi. "Ngurario, siku ya kukamilisha ndoa, bado. Ni Agosti."

"Ana mtoto. Ana mke aliyeachana naye. Hamkuuliza?"

"Tuliuliza wajumbe wake mara tatu. Ako na nyumba nyingine? Ako na mtoto? Wakasema ni kijana safi." Alisimama, akakaa tena. "Lakini hayo ni maneno yenu na yeye. Mimi nikipeleka ruracio ya mtoto wetu kortini, watu wa Gilgil watasema nini? Kwamba Muturi alipokea ng'ombe akazirudisha na polisi?"

Hapo ndipo Chepkurui alipoharibu. Alikuwa ametoka nyumbani alfajiri, hajala kitu, na kikombe kile cha chai ya maziwa kilikuwa bado kinamtazama. Mdomo ukatangulia.

"Afadhali waseme hivyo kuliko waseme mlimuuza msichana kwa mtu anayeiba chakula cha mtoto wake!"

Mzee Muturi akainuka mzima mzima. "Hapa hatuuzi watu," akasema. "Toka kwangu."

Akatoka. Alitembea kuelekea lango akijitukana kwa Kikipsigis, kwa maneno ambayo mama yake angemchapia. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya nyumba ile, kwenye kabati au chini ya godoro, na yeye ndiye aliyeufungia mlango kwa ulimi wake mwenyewe. Kesho saa tatu Ndegwa angesimama mbele ya hakimu akijifanya maskini, na Abby angerudi darasani kutazama midomo ya watu.

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

Msichana aliyeuliza alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo karibu na dirisha la sebule, vibanio mkononi. Alivaa jaketi la kazi la shamba la maua la huko Naivasha, na zipu ya jaketi hilo haikuweza tena kufungika juu ya tumbo.

"Wewe ndiwe Sue?"

"Ndio mimi. Nimesikia yote. Anaitwa nani?"

"Abby. Ana miaka minane."

"Na shida yake?"

Chepkurui akamweleza, bila kuongeza chumvi. Akamwonyesha ule ujumbe wa Ndegwa kwenye simu, kama Wangare alivyomtumia. Sue akausoma, midomo ikicheza. Akaomba kile kiapo pia, akakisoma chote kurasa sita akiwa amesimama juani, na alipofika aya ya tisa akaisoma mara ya pili kwa sauti.

"'Hata mbuzi mmoja'," akarudia. "Mimi aliniambia hajawahi kupenda mtu mwingine. Aliniambia hajui hata kubeba mtoto, nitamfundisha." Akaviweka vibanio vyote mfukoni kwa wakati mmoja. "Ngoja hapa."

Aliingia ndani. Chepkurui, langoni, alisikia kila kitu, kwa sababu hakuna aliyejaribu kunong'ona.

"Anko, leta daftari."

"Susan, haya ni mambo ya wazee."

"Hizo ng'ombe zilikuja kwa sababu yangu ama ya wazee?"

"Utaaibika!"

"Mimi? Mimi nimefanya nini? Uliuliza mara tatu, wakakudanganya mara tatu, hapa kwa kiti yako, wakikula mbuzi yako. Na unataka tufiche sisi?"

Mlango wa kabati ulilia. Baada ya muda mrefu mzee alitokea barazani na daftari la jalada gumu, limefungwa ndani ya karatasi ya nailoni. Hakumpa Chepkurui. Alilikumbatia kifuani.

"Hii haitoki bila mimi," akasema, bila kumtazama. "Itatoka na mimi. Hiyo korti inafunguliwa saa ngapi?"

*

Kesi za watoto husikizwa milango ikiwa imefungwa, na wanaoingia ni wahusika tu. Anyango alikuwa ameomba ruhusa ya kumhoji Ndegwa juu ya kiapo chake na kuita mashahidi wawili, hakimu akakubali, na mashahidi wakaambiwa wangoje kwenye benchi la korido ya nyuma. Chepkurui aliketi nyuma ya Wangare. Wangare alikuwa ametulia kama alivyoombwa, ila kitambaa alichokishika kilikuwa karibu kupasuka.

Ndegwa alikuja amevaa umaskini. Koti lilikuwa limeisha viwiko, na suruali ilionekana ya mtu mwingine. Lakini kucha zake zilikuwa safi, na shingoni alinukia mafuta ya bei. Alikula kiapo kwa sauti ya unyonge.

"Bwana Ndegwa," akaanza Anyango, "unasema huna uwezo wa kununua mbuzi mmoja."

"Hata kuku, mheshimiwa."

"Laki nne zilizobaki kwenye bei ya lori ulizipokea vipi?"

"Sikulipwa. Yule mtu alinidhulumu."

"Unamjua Muturi wa Gilgil?"

Kope zikacheza. "Gilgil ni kubwa."

Mzee Muturi akaitwa. Aliingia na suti yake ya kanisani, akalifungua daftari kutoka kwenye nailoni, akalikabidhi kwa karani kwa mikono miwili kama mtu anayemkabidhi mgonjwa kwa daktari. Anyango akaliweka mbele ya Ndegwa.

"Hapa pameandikwa: mitamba wawili, mwati, harika, tangi la maji, mablanketi manne. Chini kuna sahihi. Ni yako?"

Chepkurui aliinama mbele. Usiku uliopita yeye na Anyango walikuwa wamelipima swali hilo kila upande. Akikubali, ameapa uongo mahakamani. Akikataa, amemkataa mke mbele ya baba yake mkubwa. Ndegwa naye alikuwa akilipima, ilionekana machoni. Alimtazama mzee. Akamtazama hakimu. Akatazama mlango, ukawa umefungwa. Inaelekea aliona ni mzee mmoja tu amekuja, na mzee mmoja anaweza kubembelezwa baadaye kwa kreti la soda na maneno matamu.

"Si yangu," akasema. "Na huyu mzee simjui. Pengine amelipwa na huyu mwanamke."

Wangare alisema neno moja kwa Kikikuyu ambalo karani alijifanya hakulisikia.

"Naomba shahidi wa pili," akasema Anyango.

Sue aliingia, akasimama kando ya baba yake mkubwa. Alikuwa amevaa sweta ya kijani, na sweta haikuficha chochote.

"Na huyu pia humjui?"

Ndegwa alimgeukia wakili wake. Wakili wake alikuwa na shughuli kubwa ya kutafuta kalamu.

"Jibu," akasema hakimu.

"Namjua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" akauliza hakimu, akitazama sweta.

Hakimu akavuta daftari, akavuta kiapo, akaviweka sambamba. Akasoma nambari ya kitambulisho kwenye kimoja kwa sauti, kisha kwenye kingine, tarakimu kwa tarakimu, mpaka zote zikaisha na hakuna iliyotofautiana. Anyango akamkabidhi picha iliyochapwa ya kile kibali cha mifugo chenye jina la Ndegwa kama mwenye mali. Hakimu akakisoma pia, akavua miwani.

Aliongea bila kupandisha sauti. Ombi la kufutiwa limetupwa. Habari ya kuapa uongo itakwenda kwa mwendesha mashtaka. Miezi yote kumi na tisa italipwa, kwa awamu atakazozipanga yeye hakimu. Lakini mashine za masikio za mtoto zilipwe kwanza, zote mbili, moja kwa moja hospitalini, kabla ya saa kumi ya Ijumaa. Zisipolipwa, Ndegwa ataanza siku thelathini ndani jioni hiyohiyo. Askari wa mahakama akasogea hatua mbili kutoka mlangoni.

Na Ndegwa, ambaye kwa miezi kumi na tisa hakuwa na shilingi, akamnong'onezea wakili wake, na wakili akasimama kusema kwamba mteja wake anaweza kutuma hizo za mashine sasa hivi, kwa simu.

Wangare akainamisha kichwa juu ya magoti, mabega yakatikisika. Chepkurui hakuwa na machozi. Alitaka kuvuka chumba kile amkamate bwana huyo kwa lile koti la viwiko vilivyoisha. Miezi minne mtoto amekaa hasikii, na dawa yake ilikuwa mfukoni mwa suruali ya mtu huyu, kwenye simu, muda wote.

"Mashahidi mnaweza kuondoka," akasema hakimu. "Asanteni."

Mzee Muturi alikuwa amekwisha kulifunga daftari ndani ya nailoni. Sue hakuondoka.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza kitu."

"Uliza."

"Niko na miezi mitano." Hakumtazama Ndegwa hata kidogo. "Hiyo fomu mama Abby alijaza, ya kuitisha pesa ya mtoto. Inachukuliwa dirisha gani?"

Karani akaelekeza kwa kalamu: dirisha la tatu, ukitoka mkono wa kushoto. Wangare akajifuta uso, akainuka, akamshika Sue kiwiko ampeleke, kwa kuwa njia aliijua.